Vile Tulihesabu Matete kule Idjwi

Wamama wa shirika, tangu nimerudi hakuna mutu ananipita bila kuuliza. Ku mulango wa kanisa, ku soko, ata siku moja nikiwa na ndoo ya maji ku kichwa, mutu anasimama mbele yangu: «Koko, ni kweli kule Kavumu walikuita patron wa ONG?» Nimechoka kujibu vipande vipande. Nimeandika yote hapa, mara moja. Mwenye kutaka kucheka acheke, lakini asiongeze yake.

Mambo ilianzia kwa Nsimire, mujukuu wangu. Anasoma mambo ya ziwa: samaki, majani ya mu maji, na watu wenye kuishi ku samaki. Ku mwisho wa masomo kila mwanafunzi anapaswa kuandika travail yake, na ya Nsimire iko juu ya matete ya kando ya ziwa, fasi samaki wadogo wanajificha mpaka wakomae. Mara ya kwanza alishindwa kuimaliza, malaria ilimulalisha. Waliomusomesha wakamupa nafasi moja tena. Kama hakurudi na hesabu ya matete, diplôme hakuna. Na baba yake alishasema hataki kusikia habari ya mara ya tatu.

Wanafunzi wa kwenda kuhesabu ku kisiwa cha Idjwi walikuwa wavulana na wasichana, pamoja na assistant, musaidizi wa mwalimu wao, kijana mwenye miwani, jina lake Bahati. Wazazi wa wasichana walikataa: binti zao hawatalala ku kisiwa bila mama mukubwa. Njo maana Assistant Bahati alikuja kwangu Nyalukemba, hapa Bukavu, akaketi, akakunywa chai yangu mpaka birika ikakauka, kisha akaomba nikuwe mama wa safari, kupika na kuchunga.

Nilimuambia, «Kupika nitapika. Kuchunga pia. Lakini mutu atakayenizarau nitamurudisha Bukavu na miguu.»

«Ata miye, maman?»

«Weye wa kwanza.»

Akasema merci. Kitu sikumuambia ni kwamba hili ziwa ninaliona kila asubuhi nikifungua dirisha, ninafua nguo ndani yake tangu nilipoolewa, lakini sijawahi kupanda boti.

Kutoka Nyalukemba mpaka Kavumu

Boti ya kututoa Bukavu moja kwa moja ilikuwa na motere mubaya, kwa hiyo tulienda na gari mpaka Kalehe, tuvukie kule. Mbele ya kuondoka, Nsimire aligawia kila mutu gilet ya kuelea, ya rangi ya machungwa. Wanafunzi wakatupa zao chini ya viti. Mimi nikavaa yangu. Nikafunga mikanda yote.

«Koko, boti iko Kalehe,» Nsimire akaniambia. «Hapa tuko ku barabara.»

«Hii barabara inapita kando ya ziwa ama haipiti?»

«Inapita.»

«Basi niache.»

Nyuma kidogo ya Kavumu pneu ikapasuka. Chauffeur akashuka akicheka, akasema ni dakika mbili. Akatoa pneu ya akiba, nayo ilikuwa laini sawa bugali ya jana. Akapanda pikipiki, akaenda kuitafutia pumzi. Wanafunzi wakatawanyika kuangalia mashamba ya kabichi. Mimi nikaketi kando ya mama muchoma mahindi, nikiwa na gilet yangu, nikaanza kuongea naye sawa mutu na mutu.

«Uko na watoto wangapi, maman?»

Nilimuuliza vile naulizaka mutu yeyote. Yeye akaangalia gilet, akaangalia gari, akaweka mahindi chini.

«Sita, maman. Na mbili ya dada yangu, ninabachunga miye. Jina langu unaandika sasa?»

Sikumuelewa. Nikamuuliza tu kama wote wanasoma. Basi, ile njo iliniharibia. Mbele sijamaliza kuguguna muhindi mumoja, nyuma yake kulisimama mama mwingine na mutoto ku mugongo, kisha wasichana wawili, kisha muzee na fimbo, kisha sikuona tena mwisho wa mulolongo. Kwa sababu ya gilet walinizania mutu wa ONG, mwenye kuandika majina ya watu wa kupewa musaada.

«Maman ONG,» muzee akaniambia, «miye niliandikwaka ile mara ingine, jina ikapotea. Nisikuwe wa nyuma tena.»

«Papa, mimi siko ONG. Mimi ni mupishi.»

«Eeh. Bakubwa banasemaka bile.»

Assistant Bahati akaja mbio na miwani yake, akaanza kueleza na Kifaransa kingi. Mulolongo ukatulia kabisa. Nikafikiri amefaulu. Kumbe mama wa mahindi alikuwa anamuambia mwenzake: «Ule njo secrétaire wake.»

Nikasimama, nikafungua mulango wa nyuma wa gari, nikatoa sufuria yangu kubwa yenye masizi, nikatoa na kitunguu, na mwiko. Nikavishika juu ili watu wote waone. Kisha mama wa mahindi akapiga makofi, akacheka mpaka akaketi chini. «Ninyi, mutawanyike! Mutu wa ONG hawezi beba sufuria yake mwenyewe!»

Muzee wa fimbo peke yake hakucheka. Alibaki ananiangalia. Nikamupa nusu ya muhindi wangu, akaikubali, lakini mpaka gari inaondoka nilijua hajaniamini.

Kalehe, kungoja boti

Ku Kalehe kapiteni alituambia tunaondoka sasa hivi. Tukala bugali na samaki, tukanawa mikono, tukangoja. Wanafunzi wakalala juu ya mizigo. Nikaenda kumuuliza kapiteni tunangoja nini. Akaniambia tunangoja gâteau.

Nilifikiri ananichezea. Kumbe ni kweli: kulikuwa ndoa ku kisiwa, na gâteau ya ndoa ilitoka mbali, ya sakafu tatu, nyeupe, na maua ya sukari juu. Ilifika ku mikono ya kijana mumoja mwenye suti, bwana-arusi mwenyewe, anatoka jasho sawa mutu amebeba mutoto mugonjwa. Kapiteni akatuangalia wote vile tulikuwa tumeketi mu boti. Akaninyooshea kidole.

«Huyu maman njo ataishika. Hatikisiki hata kidogo.»

Ni kweli sikuwa nikitikisika. Tangu niingie mu ile boti mwili wangu ulikuwa umekauka kwa woga, sikuweza kugeuza ata shingo. Wao wakaona ni utulivu. Wakaniwekea gâteau ku magoti, na hivyo nikavuka ziwa Kivu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, siangalii maji wala mbingu, ninaangalia ua moja la sukari. Kila wimbi likipiga, kijana wa suti anasema «Yesu!», mimi ninasema «Nyamaza». Njia yote hatukuongea neno lingine.

Tulipofika, mama wa bwana-arusi alinikumbatia mbele ya kumukumbatia mutoto wake. Jina la Koko wa gâteau nililipata pale, na kwa siku zote za kisiwa sikulipoteza.

Kando ya ziwa

Fasi tulifikia iko kijiji cha wavuvi. Asubuhi mitumbwi inarudi, mitatu mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu, wanaume wanaimba ili wapige kasia pamoja. Wamama wanangoja ku muchanga na mabeseni. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wanatandazwa juu ya nyavu za zamani, na kando yote inang'aa sawa mutu amemwaga visu vidogo. Nilikaanga wa kwanza na chumvi na pilipili tu. Wale wavulana waliosemaka samaki wadogo ni chakula cha paka walirudisha sahani mara tatu.

Siku hiyo wanafunzi walianza kazi. Nsimire alieleza na mimi nikasikia: huwezi kuhesabu matete yote, kwa hiyo unapima carré, kipande cha kona ine, unahesabu ndani yake, kisha unapima nyingine mbali kidogo, mpaka mu maji. Wakapigilia miti ku kona ine za kila carré, wakafunga kamba, na ku kila muti wakaweka kitambaa chekundu ili ionekane. Kando ikawa sawa shamba la vitambaa. Nsimire alikuwa na furaha, akaniambia kesho anaanza kuhesabu.

Kesho yake nikaamka kuwasha moto, nikakuta hakuna mutu anatandaza samaki. Wamama walikuwa wameketi ndani ya carré. Kila carré na mama yake, na beseni yake, wengine na watoto wao. Hakuna mwenye kupiga kelele. Wameketi tu, miguu mbele, sawa watu wako kwao.

Mukubwa wao alikuwa Maman Faida, mama wa mwili mukubwa, kilemba cha kijani, sauti ya kuita mutumbwi ku upande mwingine. Assistant Bahati akaenda kumusalimia.

«Maman, hizi miti ni za masomo tu. Zitakaa hapa siku kidogo, kisha tunatoa.»

«Ata ule alisemaka siku kidogo.»

«Nani?»

Maman Faida alinyoosha mudomo tu, upande wa kulia. Na pale njo mimi pia niliona kitu nilikuwa nimepita mbele yake jana bila kukiangalia: ukuta wa mawe, murefu, unashuka kutoka ku kilima mpaka ndani ya ziwa.

«Mwenye ule ukuta alikuja na vijana sawa hawa,» mama mwingine akasema kutoka ku carré yake. «Na kamba. Na vitambaa. Kisha miti ikatoka, bornes za ciment, alama za mupaka, zikaingia. Kisha ukuta. Sasa tukienda kuteka maji tunazunguka kilima kizima.»

«Na alikuwa na musichana mwenye tabasamu,» Maman Faida akaongeza, anamuangalia Nsimire, «anatuambia ni ya masomo. Hatutatoka.»

Assistant Bahati akaanza tena kueleza. Nikamuambia anyamaze, kwani kila neno lake lilikuwa linawafanya waketi vizuri zaidi.

Nsimire akanivuta nyuma ya moto. «Koko, ongea nao. Weye watakusikia. Kama wanakaa mu carré siwezi kuhesabu, na unajua yangu.»

Nilijua yake. Lakini nilikuwa nimeona ukuta.

«Toa miti.»

«Koko!»

«Nimesema utoe miti. Yote.»

«Bila carré travail haiko! Nitaandika nini?»

«Sijui utaandika nini. Mimi nisingelala mu nyumba yangu kama mutu amepigilia miti mu kiwanja changu, ata ya usiku mumoja tu. Weye je?»

Alikuwa na macho ya kunichukia, nami nikamuacha anichukie. Kisha akaenda. Aling'oa muti wa kwanza, akafukia shimo na muguu. Wa pili. Wavulana walitaka kumusaidia, akawasukuma. Machozi yalikuwa yanamushuka na hakuyapanguza, mikono ilikuwa na kazi. Alipofika ku carré ya Maman Faida, aling'oa miti ine yote kumuzunguka, na yule mama hakusogea.

«Huyu mutoto analia nini?» Maman Faida akaniuliza.

Nikamuambia. Malaria, mara ya pili, baba, diplôme. Nikamuambia kwamba analilia matete.

«Matete?» Akageukia wenzake. «Bamama! Mutoto wa mutu analilia matete!»

Kicheko kilienda kando yote mpaka ku ukuta. Ata mimi, ninyi munanijua, nilikaza mudomo lakini haukukazika.

«Na anataka kuyafanya nini?»

«Kuyahesabu tu.»

«Kisha?»

«Kisha anayaacha pale yalipo.»

Maman Faida akafikiri. Akasimama, akakunguta muchanga ku pagne. «Weye, mulizi. Leta kamba.» Nsimire akaleta. Maman Faida akazungusha kamba ku kidole chake, akapanua miguu. «Miye njo piquet, muti wa kona. Kona moja imepatikana. Piquet hii jioni inarudi kwake kupika, haibaki mu udongo wa mutu. Nani mwingine?»

Wakasimama wote.

Kazi ya piquet

Siku zilizofuata kazi ilienda hivyo. Wamama wane, kamba moja. Mutu ku kona, kamba ku kidole, Nsimire ndani akiinama mu matete. Wakimaliza, kamba inakunjwa na kando inabaki vile Mungu aliifanya. Wamama walikuwa wanabadilishana ili wengine wageuze samaki. Walitukanana vizuri.

«Faida, simama sawa! Carré yako inanepa kwa sababu yako!»

«Weye mwembamba unashindwa kuonekana, wakufungie kitambaa chekundu!»

Nilipika sombe, majani ya muhogo, mara mbili, na maharagi, na tulikula nanasi za kule zisizo na haja ya sukari. Nsimire alikuwa ameanza tena kuongea nami, kidogo kidogo, mambo ya chumvi na kuni.

Ilibaki carré moja, ile ya ndani ya maji. Assistant Bahati alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba hiyo njo kichwa cha travail, kwani samaki wadogo wanalala pale. Zingine zote bila hiyo ni mwili bila kichwa. Waliiacha mpaka siku ya mwisho, saa ya mchana, wakati maji inatulia. Lakini wamama walikuwa watatu tu, samaki walikuwa wengi.

«Koko wa gâteau!» Maman Faida akaita kutoka mu maji. «Kuja ukuwe kona. Weye hautikisikaka.»

Nikaangalia sufuria. Hakuna kilichokuwa kinaungua. Nikavua viatu, nikaingia mpaka ku magoti, nikaomba ndani ya tumbo, nikafunga kamba ku kidole.

Nsimire alianza. Hakufika mbali. Upepo uligeuka, matete yakalala upande mumoja, na ku kilima tukaona mvua inakuja nyeupe sawa pagne imeanikwa. Kando yote ilikuwa imetandazwa sambaza. Ukijua samaki, unajua: sambaza akishaanza kukauka akalowana, anaoza, na kazi ya watu wote inatupwa.

Nilimuangalia Maman Faida. Aliangalia mvua. Aliangalia nyavu zake zenye samaki. Kidole chake hakikuachilia kamba. Alikuwa amesema ni piquet, na alisimama.

Nsimire alikuwa ameinama, mudomo unahesabu. Akainua macho, akamuona. Akaangalia matete yake, mara moja tu.

«Maman, achilia! Samaki!»

Na yeye njo alikuwa wa kwanza kutoka mu maji. Tulikimbia wote, wamama, wanafunzi, Assistant Bahati na miwani imejaa maji, tunakunja nyavu, tunabeba mabeseni, tunasukuma samaki ndani ya nyumba za watu, chini ya vitanda, ku meza ya chakula. Mvua ilitukuta na nyavu ya mwisho ku mikono.

Wakati ilipungua, ziwa lilikuwa la rangi ya udongo na hakuna aliyeweza kuona ata vidole vyake mu maji. Assistant Bahati akamuambia Nsimire taratibu kwamba boti ya kesho haitangoja, kapiteni ana watu wa soko.

«Najua,» Nsimire akasema.

Nilimupa sahani, nikamuambia ale. Akakula.

Asubuhi ya kurudi

Tulishuka ku kivuko na mizigo mapema. Kulikuwa baridi, ukungu umekaa juu ya maji, na motere ya boti ilikuwa inanguruma tayari. Nilikuwa nimevaa gilet yangu, nimefunga mikanda yote. Nsimire alikuwa mbele, kichwa chini, na nilimuona amesimama gafula.

Mu maji, kati ya matete, Maman Faida alikuwa amesimama, pagne imefungwa juu ya magoti, mukono umenyooshwa na kidole wazi. Mbali kidogo, wenzake wawili, kila mutu ku fasi yake ya jana. Meno yao yalikuwa yanagongana. Maji ilikuwa imerudi safi mpaka chini.

«Munaangalia nini?» akatuita. «Koko, kona yako iko wazi!»

Kapiteni akapiga honi. Assistant Bahati akaruka ndani ya boti kumushika mukono, akaanza kumueleza na Kifaransa chake chote, na kwa mara ya kwanza nilimuombea kisikwishe. Nsimire alikuwa ameshatupa mufuko chini, anafungua kamba. Nikavua viatu. Maji ilikuwa ya kuua. Nikaingia na gilet yangu, nikanyoosha kidole.

Kamba ikakazwa kona ine. Nsimire akainama mu matete, akashika bua la kwanza.

«Moja,» akasema. «Mbili. Tatu.»

Alipofika ku ine, wamama walikuwa wanahesabu naye kwa sauti, na nyuma yetu kapiteni akazima motere.